BWAWA LA KWANZA LA SAMAKI KWA FEDHA KIDOGO

Safari hii somo letu ni bwawa la samaki. Si bwawa la kampuni. Ni bwawa dogo la familia, la kuchimbwa kwa jembe na sururu, na kutunzwa na watu wa nyumba moja.

Wengi wetu tunakaa mbali na bahari na mbali na maziwa makubwa. Samaki anayetufikia ni dagaa mkavu, au sangara wa kukaanga aliyesafiri siku mbili tatu. Samaki mbichi hatumwoni. Nyama nayo ni ya sikukuu. Mtoto anakula ugali na mboga ya majani leo, kesho na keshokutwa. Majani ni mazuri, lakini mtoto anayekua anahitaji pia chakula cha kujenga mwili. Samaki ni chakula hicho.

Jambo hili si geni nchini. Majaribio ya kufuga perege Tanzania yalianza 1949, huko Korogwe mkoani Tanga na Malya upande wa Mwanza. Mwaka 1967 ikafanywa kampeni ya nchi nzima. Watu walichimba kweli kweli. Kufika 1968 kulikuwa na mabwawa kama 8,000. Lakini mengi hayakuleta faida. Mengine yalikuwa madogo mno, mita za mraba 20 tu, yaani kama chumba kimoja. Na matunzo hayakuwapo. Mtu alichimba, akatia samaki, akaenda zake, akidhani samaki watajilea kama wa mtoni. Mpaka leo utasikia watu wakisema: "Ah, samaki wa bwawa hawakui."

Wanakua. Ila wana masharti yao, na tutayasoma moja moja.

KWANZA ZUNGUMZENI NYUMBANI

Hebu tusikilize mazungumzo ya mume na mke.

Mume: Mama watoto, nataka kuchimba bwawa la samaki kule bondeni.

Mke: Vizuri. Nani atabeba samadi?

Mume: Samadi? Si tutasaidiana.

Mke: Tutasaidiana, sawa. Na pumba za kuwalisha kila siku? Wewe ukienda mnadani, nani atalisha?

Mume: Wewe, mama watoto.

Mke: Basi na siku ya kuuza tuhesabu fedha wote wawili, mezani.

Mama huyu ana haki. Mabwawa mengi hufa kwa sababu hiyo tu. Baba anachimba, mama na watoto wanalisha, fedha inapotelea njiani. Mwaka wa pili mama anasema mimi nina shamba langu, na samaki wanalala njaa. Patana kabla ya kuchimba. Nani atalisha, nani atabeba samadi, samaki wangapi wataliwa nyumbani, wangapi watauzwa. Andikeni daftarini. Kusoma na kuandika tumejua, tukutumie.

MAHALI PA BWAWA

Bwawa linataka vitu viwili: maji yasiyokauka, na udongo usiovuja. Ukikosa kimoja, acha. Usidanganywe na uzuri wa bonde wakati wa masika. Nenda ukapaone mwezi wa tisa au wa kumi, jua likiwa kali. Kama chemchemi au mfereji bado una maji wakati huo, hapo pana matumaini.

Jambo la sheria pia lipo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hatua kubwa ya mtu mzima ni kama mita moja, basi hesabu hatua 60 na nyingine za ziada. Na ukitaka kuchepusha maji ya mto kwa mfereji, unahitaji kibali cha ofisi ya maji ya bonde lenu, kama vile Bonde la Rufiji, Pangani au Ruvuma. Anzia ofisi ya kijiji. Usichimbe kwanza ndipo uulize. Jirani wa chini anayemwagilia bustani yake kwa maji yayo hayo naye ni mtu, mwulize pia.

Sasa udongo. Chimba mpaka kiunoni. Toa udongo wa chini, ulowanishe kidogo, ufinyange uwe donge kama chungwa. Lirushe juu, ulidake. Likivunjika vipande, hapo pana kichanga kingi. Likibaki donge, endelea na jaribio la pili.

Lile shimo ulilochimba mpaka kiunoni, lijaze maji pomoni asubuhi. Jioni utakuta maji yamepungua. Usiogope, udongo mkavu umekunywa. Lijaze tena mpaka juu, kisha lifunike kwa majani ya migomba. Kesho yake asubuhi funua. Kama maji mengi bado yamo, udongo huo utashika. Kama shimo ni tupu, tafuta mahali pengine. Jaribio hili ni la bure, na linaweza kukuokoa kazi ya mwezi mzima.

Hali ya hewa nayo tusiisahau. Perege hupenda maji ya uvuguvugu. Katika sehemu zenye baridi kali kama Makete na Njombe hukua polepole sana. Chagua mahali penye jua, pasipo kivuli cha miti mikubwa.

KUPIMA NA KUCHIMBA

Bwawa la kwanza lisiwe dogo kama chumba, wala lisiwe kubwa la kukushinda. Mimi naona mita 15 kwa mita 10 linatosha familia moja. Tupige hesabu: 15 × 10 = mita za mraba 150. Kumbuka namba hiyo, tutaitumia mpaka mwisho.

Pima kwa kamba na vigingi. Ili pembe ziwe za mraba, tumia kamba ya mafundi ujenzi: kutoka kigingi cha pembeni pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili. Kutoka ncha hii mpaka ncha ile lazima pawe na mita 5 kamili. Pakizidi au pakipungua, sogeza kigingi.

Wengi hudhani ni lazima kuchimba mita nzima kwenda chini. Hapana. Chimba nusu mita, na udongo unaotoka uujengee kingo kuzunguka. Kwa hiyo kina kinapatikana nusu kwa kuchimba, nusu kwa kujenga. Hesabu ya kazi ni hii: 150 × nusu mita = mita za ujazo 75. Mtu mwenye nguvu, kwa jembe na chepe, akichimba mita za ujazo 2 kwa siku, zitamchukua siku 38 hivi. Watu watatu, siku 13. Mkialikana kwa ujima, majirani kumi na kuendelea, ni siku nne, na pombe au chai juu yenu.

Udongo mweusi wa juu, wenye mizizi na majani, usiujengee kingo. Utaoza na kuvuja. Uweke kando, utaurudisha juu ya kingo mwishoni ili nyasi ziote. Kingo zijengwe kwa ule mfinyanzi wa chini, tabaka kwa tabaka. Mwaga udongo wa kina cha kiganja, nyunyizia maji, shindilia kwa gogo zito, kisha tabaka jingine. Kazi ya kushindilia inachosha kuliko kuchimba, na ndiyo watu wanayoikimbia. Mvua ya kwanza inawaonyesha.

Juu ya ukingo pawe na upana wa mita moja, mtu mwenye karai apite. Ukuta wa ndani usisimame wima kama wa choo. Ulale: kila mita moja ya kwenda juu, ukingo urudi nyuma mita moja na nusu mpaka mbili. Ukuta wa wima humong'onyoka, na mtoto akitumbukia hana pa kupandia.

Sakafu iwe na mteremko. Upande maji yanapoingia, kina cha maji kiwe sentimita 70. Upande wa kutokea, mita 1. Na kingo zizidi maji kwa sentimita 30, ili mvua kubwa isifurishe bwawa na samaki wakaenda kwa jirani.

Kwenye vitu vya kununua, usikwepe bomba la plastiki la inchi 4 na kiwiko chake. Hiyo ndiyo gharama yangu ya lazima. Lilaze chini kabisa ya ukingo upande wa kina, litokeze nje. Upande wa ndani funga kiwiko, na juu ya kiwiko simamisha kipande cha bomba chenye urefu wa kina cha maji. Maji yakizidi, yanaingia kwenye mdomo wa bomba na kutoka yenyewe. Siku ya kuvua, unalilaza bomba taratibu, maji yanashuka. Funika mdomo kwa wavu wenye matundu madogo. Upande wa kuingilia nako weka wavu, au kipande cha chandarua chakavu ambacho hakikutiwa dawa. Chandarua chenye dawa ya mbu kinaua samaki. Usikitumie kabisa.

Jambo moja zaidi. Bwawa si mto. Watu huacha maji yaingie na kutoka mchana kutwa, wakidhani samaki wanafurahi. Maji yanayopita yanapoza bwawa na kubeba mbolea yote. Jaza bwawa, kisha funga. Fungua tu kurudishia maji yaliyopungua kwa jua, au wakati wa hatari nitakayoieleza mbele.

MAJI YA KIJANI

Sasa tunafika kwenye moyo wa somo. Tafadhali soma polepole.

Ng'ombe anakula majani. Perege naye ana malisho yake. Ndani ya maji kuna vijimea vidogo sana, huwezi kuviona kimoja kimoja kwa macho. Vikiwa vingi, maji yanakuwa ya kijani. Kuna na vijidudu vinavyokula vijimea hivyo. Vyote hivyo ni chakula cha perege, usiku na mchana, bila senti. Anayefuga samaki kwa fedha kidogo, kwanza anafuga maji. Maji meupe yanayong'aa kama ya kisima ni mazuri kwa kunywa, lakini kwa samaki ni shamba lisilo na zao.

Kabla ya kujaza maji, nyunyiza chokaa ya kilimo kwenye sakafu na kuta. Kwa bwawa letu la mita za mraba 150, kilo 15 hadi 30 zinatosha. Usitumie chokaa kali inayounguza mkono. Kama chokaa haipatikani, majivu ya jikoni yanafaa, ila yatakiwa mengi zaidi. Subiri wiki moja au mbili, ndipo ujaze maji na kutia samadi.

Kwenye kona mbili za bwawa, simamisha fito ndani ya maji kama zizi dogo. Mazizi hayo mawili yachukue kama mita za mraba 15, yaani sehemu moja ya kumi ya bwawa. Humo jaza majani mabichi, samadi, majivu, tena majani. Koroga kwa mti kila siku chache. Mboji hii inatoa rutuba kidogo kidogo, kama chai inavyotoka kwenye majani yake.

Kila wiki ongeza samadi. Ya ng'ombe, kilo 15. Ya kuku ni kali, nusu yake inatosha. Huna mizani? Peleka ndoo yenye samadi dukani, ipimwe mara moja, kisha chora mstari kwenye ndoo. Baada ya hapo unapima kwa mstari. Kinyesi cha binadamu usitie. Kinaeneza maradhi.

Baada ya wiki moja mpaka mbili maji yataanza kuwa ya kijani. Utajuaje kama yametosha? Mkono wako ndio kipimo. Inama ukingoni, jua likiwa juu. Tumbukiza mkono ukiwa umenyooka, kiganja kikitazama juu, ushuke polepole huku unakitazama kiganja. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, vizuri sana. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, yamezidi, acha samadi wiki hiyo. Kama maji yamepita kiwiko na bado unaviona vidole, ongeza samadi. Ila uwe mwangalifu: yanayozuia yawe kijani. Yakiwa mekundu au ya kahawia, hilo ni tope, si malisho.

Hatari niliyoitaja ni hii. Vijimea mchana vinatoa hewa ndani ya maji. Usiku havitoi, bali navyo vinavuta. Samaki wanavuta, vijimea vinavuta, samadi inayooza inavuta. Kufika alfajiri hewa inakuwa imekwisha. Ukienda bwawani kabla ya jua kuchomoza na kukuta samaki wamejaa juu, midomo wazi, wanatweta, usiseme "wana njaa" ukawamwagia pumba. Wanakosa hewa. Acha chakula, acha samadi, toa majani yanayooza kwenye mazizi, na fungua maji mapya yaingie kwa kuanguka kutoka juu. Ukichelewa mpaka saa 3 asubuhi, unaweza kukuta wote wameelea.

VIFARANGA

Perege yuko wa aina nyingi. Anayekua haraka kuliko wengi ni sato. Ila kabla ya kumleta kwenu mwulize bwana samaki wa wilaya, kwa maana sato akitorokea mto ambao hakuwamo anazaana na perege wa asili na kuharibu kizazi chao.

Vifaranga vinunuliwe kwa mzalishaji anayejulikana, au kwenye vituo vya Serikali kama Kingolwira kule Morogoro na Ruhila kule Songea. Usiokote mtoni, wala usichote kwenye bwawa la jirani lililojaa samaki wadogo. Kwa nini? Kwa sababu samaki mdogo si lazima awe mtoto. Kwenye bwawa lililosongamana perege hudumaa. Anaweza kuwa na umri wa mwaka mzima na urefu wa kidole. Ukimpanda kwako hutamwona akikua kama kifaranga halisi, na mara moja ataanza kuzaa. Ni kama kununua mbuzi kibeti ukidhani ni mwana mbuzi. Mtazame: kichwa kikubwa na macho makubwa, mwili mwembamba. Huyo ni mzee, mwache.

Wangapi? Kwa bwawa la samadi na pumba, samaki 2 kwa kila mita ya mraba. 150 × 2 = vifaranga 300. Usiongeze. Muuzaji atakwambia chukua mia tano, nitakupunguzia bei. Mwambie asante.

Safari iwe alfajiri, chombo kiwe kivulini, na vifaranga visilishwe siku ya kuamkia safari. Mkifika, usivimwage. Ingiza mfuko au ndoo kwenye maji ya bwawa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha ongeza maji ya bwawa ndani yake kidogo kidogo. Mwisho kiinamishe chombo, vitoke vyenyewe.

KWA NINI WANADUMAA

Perege ana malezi ya ajabu. Dume huchimba kwa mdomo shimo la mviringo kama sahani kwenye sakafu ya bwawa. Jike hutaga humo, kisha hukusanya mayai yake mdomoni. Hula kidogo sana wakati huo. Anayalea humo mpaka yanaanguliwa, na watoto wakiogopa wanarudi mdomoni mwa mama. Kwa muda wa wiki mbili hivi yeye anakonda, dume linanenepa. Kisha anazaa tena. Na huanza akiwa na miezi mitatu minne tu, mwenyewe bado mdogo.

Sasa piga picha: majike mia na hamsini, kila mmoja na watoto mamia. Chakula ni kile kile, maji ni yale yale. Hapo ndipo lile neno "hawakui" linapotoka.

Dawa zipo tatu. Ya kwanza ni kuvua kwa wakati, miezi sita tangu kupanda, usingoje mwaka. Hiyo haina gharama, na kwangu ndiyo kubwa. Ya pili ni kufuga madume peke yake. Wazalishaji wengine wanauza vifaranga vya dume tupu kwa bei ya juu kidogo. Mwenyewe pia unaweza kuchagua samaki wakifika gramu 30 hadi 50. Mgeuze tumbo juu, tazama nyuma ya tumbo karibu na pezi. Dume lina matundu mawili, jike lina matatu. Mwanzoni utakosea wengi, macho yakizoea utaona. Majike yanaingia chunguni. Ya tatu ni kutia kambare wachache wale vitoto, tuseme 15 kwa sato 300. Lakini watiwe baadaye, na wawe wadogo kuliko sato. Ukitia kambare mkubwa, umefuga kambare tu.

KULISHA KWA HESABU

Maji ya kijani yanalisha, pumba zinaongezea. Pumba za mahindi au mpunga, kumbikumbi, majani ya magimbi yaliyokatwakatwa, mabaki ya ugali yasiyochacha. Lisha mahali pale pale, saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Funga mianzi minne iwe kama fremu ya dirisha, ielee. Mwaga pumba ndani yake zisitapanywe na upepo. Samaki wakikusikia watakuja mbio. Siku wasipokuja, ujue kuna jambo.

Kiasi gani? Kila mwezi vua samaki 20 kwa wavu mdogo, wapime pamoja ndani ya ndoo yenye maji, toa uzito wa ndoo na maji, gawa kwa 20, kisha warudishe. Tuseme umepata gramu 20 kila mmoja. Samaki 300 × 20 = gramu 6,000, yaani kilo 6. Wakiwa wadogo hivyo wape sehemu 5 katika mia: gramu 300 kwa siku. Baadaye wakifika gramu 100, wote wana kilo 30. Sasa wape sehemu 3 katika mia: gramu 900 kwa siku. Kama pumba zinabaki zikielea baada ya nusu saa, umezidisha. Zinazobaki zinaoza na kula ile hewa ya alfajiri.

WATOTO, KICHOCHO NA WEZI

Zungushia bwawa uzio wa fito na miiba, na mlango unaofungwa. Maji ya mita moja yanamtosha mtoto wa miaka mitatu kufa. Hili nalisema mbele ya mambo yote ya kenge na ndege.

Kufyeka nyasi ukingoni ni kazi ya kila wiki. Konokono wa kichocho wanakaa kwenye majani ya pembeni, na mbu wanatagia hapo hapo. Kukiwa safi, samaki wanakula viluwiluwi vya mbu. Watoto wasioge humo, na mtu asikojoe humo.

Kenge, fisi maji, nyoka na mdiria wote wanapenda samaki wako. Ukingo uliofyekwa unawanyima maficho. Nyuzi zilizovutwa juu ya maji zinawasumbua ndege. Mwizi wa miguu miwili ni mgumu zaidi. Bwawa liwe karibu na nyumba, mbwa awepo, na fito chache zichomekwe ndani ya maji ili wavu wake unase.

KUVUA

Mwezi wa sita umefika. Siku moja kabla, usilishe. Alfajiri laza bomba, punguza maji mpaka yafike magotini, kokota wavu kutoka upande wa maji machache kwenda upande wa kina. Wapeni taarifa wanunuzi mapema. Samaki mbichi hangoji, na mchuuzi akijua huna pa kupeleka, yeye ndiye atakayepanga bei. Wengine huvua kidogo kidogo, wakubwa kwanza, wanauza kijijini Jumamosi mbili tatu. Kwa bwawa dogo mimi naona hivyo ni bora.

Tuhesabu. Tulipanda 300. Katika kila 10 tuseme amekufa 1, wamebaki 270. Kama kila mmoja ana gramu 150, ni gramu 40,500, yaani kilo 40 na nusu. Mkipatana kula nyumbani kilo 10 na nusu, zinabaki 30 za kuuza. Bei tuseme ni shilingi 8,000 kwa kilo, huu ni mfano tu: 30 × 8,000 = 240,000. Kama vifaranga vilikuwa shilingi 150 kimoja: 300 × 150 = 45,000. Toa hizo, toa pumba, toa chokaa, toa bomba mwaka wa kwanza. Weka bei za kwenu, ufanye hesabu yako kabla ya kuchimba, si baada. Na hapa mama watoto awe mezani, kama mlivyoandika.

Wakishatoka wote, maji yaishe kabisa. Acha sakafu ipigwe jua mpaka ipasuke nyufa. Vitoto vilivyojificha kwenye madimbwi vikibaki, vitakula chakula cha vifaranga vipya. Lile tope jeusi la juu lichote kwa karai upeleke kwenye matuta ya mchicha na nyanya, ni mbolea iliyokwisha kuiva. Ziba matundu ya kaa na panya kwenye kingo, nyunyiza chokaa tena, na mwagizie muuzaji vifaranga 300 vingine.